Mama asiyetumaini maziwa yake

Nani kati yetu hajasikia neno hili: «Maziwa yangu hayatoshi»? Mama hulisema siku ya tatu ao ya kumi baada ya kuzaa, mtoto anapolia usiku na watu wote wa nyumba wanapoamka. Jirani aongeza lake, mama mkwe aongeza lake, na asubuhi baba atumwa dukani kununua maziwa ya kopo. Kama feza hazipo, mtoto apewa maji na uji mwepesi.

Tazameni yanayofuata. Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto aliyeshibishwa kwa biberoni hanyonyi tena kwa nguvu. Ziwa lisilonyonywa hupunguza kazi yake. Na baada ya majuma machache maziwa hayatoshi kweli. Lile neno lilikuwa si kweli siku liliposemwa, lakini limejitengenezea ukweli wake. Wapo wamama ambao maziwa yao ni haba tangu mwanzo, kwa ajili ya ugonjwa ao sababu nyingine ya mwili, lakini hao ni wachache. Kwa wengi, kitu kilichopunguka kwanza si maziwa, bali ni tumaini la mama.

Je, tumaini hilo laweza kupimwa, kama vile tunavyopima homa kwa kipimajoto? Wataalamu wamejaribu, na habari ya majaribio yao yafaa kujulikana, maana inatugusa sisi wa Kongo kuliko tunavyofikiri.

Zamani hakuna aliyewaza kupima moyo wa mama. Walimpima mtoto. Mwaka wa 1892, mganga Pierre Budin alifungua katika lopitali moja ya Paris siku maalum za kuwapokea wamama na watoto wachanga, kuwapima uzito na kuwapa mashauri. Yeye alipenda sana mama anyonyeshe mwenyewe. Miaka miwili baadaye, Léon Dufour alianzisha katika mji wa Fécamp kazi iliyoitwa «Goutte de Lait», maana yake tone la maziwa; humo wamama walipewa maziwa yaliyochemshwa vizuri, wapate kuwalisha watoto bila kuwaua kwa kuhara. Ilikuwa kazi ya huruma, nayo iliokoa watoto wengi wa maskini. Ikaenea Ufaransa na Ubelgiji, na kutoka Ubelgiji ikavuka bahari mpaka kwetu.

Katika Kongo ya Wabelgiji ilikutana na desturi nyingine kabisa. Mama zetu wa zamani hawakukosa tumaini la maziwa yao. Walinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na wakati huo mume alijizuia asimkaribie mkewe, ili mimba nyingine isije upesi. Msomaji wa Biblia hatashangaa: yule mama hodari wa kitabu cha pili cha Wamakabayo alimkumbusha mwanawe wa mwisho, mbele ya mfalme mwuaji, kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Lakini wakubwa wa serikali na wa makompani waliiona desturi yetu kuwa kizuizi. Walitaka watu waongezeke, kazi ipate mikono. Mwaka wa 1912 chama cha kuwalinda watoto weusi kilianzishwa, na nyumba za Goutte de Lait zikafunguliwa. Katika Katanga, tangu miaka ya 1920, kompani ya Union Minière ilitaka wafanyakazi wake wakae kambini pamoja na bibi zao. Ikaweka mashauri kwa wamama, mizani kwa watoto, na chakula cha kuwasaidia walikizwe mapema zaidi.

Tusifiche kitu: masista wetu nao walitumika katika kazi hiyo, na kwa moyo safi. Watoto waliopona kwa mikono yao hawahesabiki. Lakini kitu kimoja kiliingia taratibu pamoja na mizani. Zamani mama alitazama mtoto wake, akajua kama ameshiba. Sasa alingoja mtu mwenye koti jeupe asome namba, amwambie kama maziwa yake ni mema ao mabaya. Mimi sisemi mizani ni mbaya. Mtoto asiyeongezeka uzito yuko hatarini, na ni lazima tujue. Nasema tu kwamba hakuna aliyeuliza mama mwenyewe awaza nini.

Hatari ya kulikiza mapema ilionekana baadaye. Mganga Cicely Williams, aliyetumika kule Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, aliandika mwaka wa 1933 habari za ugonjwa wa watoto walioondolewa ziwani kwa sababu mdogo wao amekuja, kisha wakalishwa unga mtupu. Aliuita kwa jina la wenyeji, kwashiorkor. Karibu na Bukavu, wataalamu wa Lwiro waliuchunguza ugonjwa huohuo katika milima ya Kivu miaka mingi.

Hatua iliyofuata haikutoka kwa waganga, bali kwa wamama wenyewe, tena Wakatolika. Katika Marekani ya miaka ya 1950, biberoni ilikuwa imeshinda. Wamama wachache tu walitoka lopitali wakinyonyesha. Mwaka wa 1956, kwenye matembezi ya parokia huko Illinois, wamama wawili, Mary White na Marian Tompson, waliketi wakinyonyesha watoto wao, na wengine wakawakaribia kuuliza: «Ninyi mwawezaje? Mimi nilijaribu nikashindwa.» Wakajikusanya wamama saba, wakaanzisha chama. Kulitaja ziwa la mama mbele ya watu kulikuwa aibu katika inchi ile, basi wakachukua jina kwa Bikira Maria: La Leche League, kutokana na Nuestra Señora de la Leche y Buen Parto, Mama Yetu wa Maziwa na wa Uzazi Mwema, anayeheshimiwa katika mahali patakatifu pa zamani huko St. Augustine, Florida. Hawakuwa na dawa wala mashini. Walikutana sebuleni, mama aliyefaulu akakaa karibu na mama mwenye shaka, basi. Nacho chama kikaenea duniani.

Kwa nini jambo dogo hilo lilifaulu? Jibu lilitolewa mwaka wa 1977 na Albert Bandura, mtaalamu wa mambo ya akili, ambaye hakuwaza habari ya kunyonyesha hata kidogo. Alifundisha kwamba mtu hujaribu kazi na kuvumilia ndani yake kwa kadiri anavyojiona kuwa aweza. Tena kujiona hivyo huja kwa njia nne: kwanza, alivyofaulu yeye mwenyewe zamani; pili, kumwona mtu wa hali yake akifaulu; tatu, maneno ya kutiwa moyo na mtu anayemheshimu; nne, hali ya mwili wake, yaani uchovu, maumivu na hofu. Someni tena habari ya wale wamama wa Illinois, mtaziona njia hizo, ingawa hakuna aliyewafundisha.

Ndipo mtaalamu wa uuguzi wa Kanada, Cindy-Lee Dennis, akachukua fundisho hilo akaligeuza kuwa kipimo. Mwaka wa 1999, pamoja na mwenzake Faux, alitoa karatasi ya maulizo 33. Kila ulizo ni neno la uwezo ambalo mama asema juu yake mwenyewe: kwamba aweza kujua mtoto ameshiba, kwamba aweza kunyonyesha bila kuongeza maziwa mengine, kwamba aweza kunyonyesha hata mtoto akilia, hata mbele ya watu wa jamaa. Mama ajitia alama toka 1, maana yake hana tumaini hata kidogo, mpaka 5, maana yake analo sikuzote. Mwaka wa 2003 Dennis akapunguza maulizo mpaka 14, hata jumla ya mama haiwezi kuwa chini ya 14 wala kupita 70. Wale waliopata alama kubwa katika siku za kwanza walionekana zaidi kuendelea kunyonyesha katika majuma yaliyofuata. Faida ya kipimo ni hiyo: mwuguzi amjua mama atakayeshindwa kabla hajashindwa.

Karatasi ikaanza kusafiri. Mwaka wa 2003 ilitolewa kwa Kichina, na kwa Kihispania cha wamama wa Puerto Rico. Baadaye kwa Kipolandi, Kituruki, Kireno cha Brazil na lugha nyingine. Na hapo ndipo sisi makatekista twapata la kusema, kwa maana twajua shida ya kuhamisha neno toka lugha moja mpaka nyingine bila kumwaga kilichomo.

Wataalamu wana desturi nzuri, iliyoelezwa na Richard Brislin mwaka wa 1970. Mtu wa kwanza ageuza maulizo katika lugha mpya. Mtu wa pili, asiyeyajua maulizo ya kwanza, ayarudisha katika lugha yalimotoka. Kisha karatasi mbili zalinganishwa, na popote zinapoachana, wajua neno limepotea njiani. Baadaye wawapa wamama wengi, watazame kama maulizo yapatana: mama anayejitia 5 hapa asijitie 1 pale penye jambo lilelile. Kwa kazi hiyo wana hesabu iliyotengenezwa na Lee Cronbach mwaka wa 1951. Ikikaribia 1, maulizo yasema kwa sauti moja.

Lakini kupatana kwa maulizo hakutoshi. Chukueni ulizo la kunyonyesha mbele ya jamaa. Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika ni ulizo la haya. Kwetu kijijini mama hanyonyeshi kwa siri. Anyonyesha sokoni, anyonyesha katika Misa, na marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, alipobatiza watoto katika kanisa dogo la Sistina mwezi wa Januari 2014, aliwaambia wamama wasione haya kuwanyonyesha palepale kama wasikia njaa. Basi mama wa kwetu atajitia 5, si kwa sababu ana tumaini kubwa, bali kwa sababu ulizo halimgusi. Kadhalika ulizo la maziwa ya kopo: mama asiye na feza za kopo atajitia 5, na mtoto wake anywa maji na uji toka mwezi wa pili. Ulizo la kweli kwake lingekuwa la maji na uji. Ndiyo sababu nasema alama 60 za Toronto na alama 60 za Bukavu si lazima ziwe kitu kimoja, na anayezilinganisha haraka atawadanganya wote wawili.

Wala tusiseme mambo hayo ni ya mbali. Karibu wamama wote wa Kongo hunyonyesha, lakini kunyonyesha ziwa tupu kwa miezi sita, kama Shirika la Afya Duniani linavyoagiza tangu 2001, ni jambo jingine. Mwaka wa 2015 ulitolewa uchunguzi uliofuata wamama wa Kinshasa, na kati ya sababu za kuacha mapema ikaonekana hii: mama kukosa tumaini kwamba aweza. Mwaka uleule, Marcel Yotebieng na wenzake walitoa habari ya makliniki sita ya Kinshasa. Pale wauguzi walipofundishwa vizuri hatua za kumsaidia mama, watoto 36 kwa 100 walikuwa bado wananyonya ziwa tupu katika juma la 24. Pale pasipofundishwa, 12 tu. Ajabu ni kwamba kikundi cha tatu, kilichopata mafundisho yaleyale na kuongezewa msaada wa baadaye wakati wa kumleta mtoto kupimwa, kilirudi chini, karibu na pale pasipofundishwa. Wataalamu walitazamia kinyume. Kusaidia mama si kama kuongeza chumvi.

Nami nilitaka kujua maulizo kama hayo yangesikika namna gani kwa Kiswahili chetu. Shida ilianza na neno lenyewe. Imani, matumaini na mapendo twayafundisha kama fadhila za Kimungu. Mtu «anayejiamini» kwetu ni karibu na mwenye majivuno. Nikachagua «tumaini», nikamwuliza mama mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa na mtoto wa majuma matatu mgongoni: «Mama, una tumaini kwamba maziwa yako yatamtosha mtoto?» Akajibu bila kusita: «Ndiyo, katekista, namtumaini Mungu.» Jibu jema, ningempa alama zote katika mafundisho ya ubatizo. Lakini halikuwa jibu la ulizo langu. Yeye alizoea kunijibu katekista, na katekista hujibiwa hivyo.

Nikageuza: «Mungu tunamjua. Nauliza wewe mwenyewe, mtoto akilia usiku, waona utaweza bila kumpa uji?» Akanyamaza. Akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa akipepeta unga mlangoni, akangoja yule mzee ainue kichwa, ndipo akanijibu.