Mali Isiyotosha

Nilipokuwa nasoma chuoni Ngamiani, hapa Tanga, nilihifadhi mafungu ya mirathi yote: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Maalim akitaja mrithi, mimi nataja fungu. Babu alipofariki na shamba lake la minazi Pangani likagawanywa, shangazi yangu hakupewa kitu. Mafungu nilikuwa nayo kichwani, na sikusema neno.

Sasa nasomea shahada ya uzamili katika elimu. Darasani tunaambiwa kwamba ujifunzaji kwa kutatua matatizo ulianza mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambako wanafunzi wa udaktari walianza na kisa cha mgonjwa ndipo wakatafuta elimu ya kumtibu. Kwa madaktari, sawa. Ila faraidhi ina habari ya zamani zaidi.

Wanazuoni husimulia kisa cha zama za Khalifa Umar. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Jumlisha: mali haitoshi. Umar hakuwa na jibu tayari. Aliwataka shauri masahaba, na mali ikagawanywa mafungu saba: matatu ya mume, manne ya dada. Hiyo ndiyo auli, na Ibn Abbas hakukubaliana nayo. Karne ya 9, Al-Khwarizmi wa Baghdad alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa matatizo ya wasia na mirathi. Hapa pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akizijadili shida za Waislamu wa wakati wake kwa lugha yao. Kumbe elimu hii ilikua kwa maswali. Sisi tulirithishwa majibu tu.

Nilipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, niliandika kisa cha yule mwanamke ubaoni bila jibu. Wanafunzi walibishana: akatwe mume, au wakatwe dada? Mwishowe kijana mmoja akasema, “Wote wapunguziwe kwa kadiri ya mafungu yao.” Nikafurahi, nikidhani tumemaliza.

Binti mmoja akanyoosha mkono. “Mwalimu, na kama fungu linajulikana, ila kaka hataki kulitoa?”

Hilo halikuwamo katika andalio langu la somo. Kaka mkubwa wa shangazi ni baba yangu. Ijumaa ile, baada ya sala, nilipanda basi la Pangani.