Kadi za Wachezaji: Uwekeze Besiboli, Kikapu au Soka?

Wadau, kabla hujamwaga hela kwenye kadi, cheki historia kwanza. Mwaka 1952 Topps ya Marekani ilitoa kadi za besiboli, nyingine zikadoda stoo. Bosi mmoja pale alikuja kusimulia alivyozitosa baharini! Mwaka 2022 kadi moja ya toleo hilohilo, ya staa fulani wa New York, ikauzwa dola milioni 12.6.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kila mtu akaficha kadi akisubiri utajiri. Kampuni zikachapa kupita kiasi, bei zikaporomoka. Mchezo uleule, besiboli.

Kwa hiyo kinachopandisha bei ni uchache na mapenzi ya mashabiki. Chagua mchezo unaoufuatilia kweli, umjue chipukizi kabla hajawa staa. Wewe ungeanza na upi?