Ziwa la Nyota

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Iko karibu sana na ikweta, ndiyo maana hapa mtaani Elgon View huonekana nyota za kaskazini na za kusini pia. Wanandi walizijua vizuri. Alfred Claud Hollis, aliyechapisha kitabu kuhusu mila zao mwaka 1909, alieleza kwamba walikitazamia Kilimia, kundi la nyota ambalo wao huliita Koremerik, wapate kujua kama mavuno yatakuwa mema au mabaya. Ule mkanda mweupe unaokatiza anga walisema ni ziwa kubwa, na ndani yake watoto wanaoga na kucheza. Ni simulizi zuri kuliko yote ya anga hili.

Kwa Wanandi, juu ya vyote yupo Asis, jua. Radi ikipasuka karibu, ni Ilet mwovu, mungu wa radi anayetaka kuua watu. Ikinguruma mbali, ni Ilet mwema anayewakinga.

Wagiriki nao waliona katika Kilimia mabinti saba wa Atlas. Wamaori wa New Zealand hukiita Matariki, nacho huwafungulia mwaka mpya.

Katikati ya Januari, saa mbili na nusu usiku, kitafute juu upande wa kaskazini.