Gazi na Mwele: Maboma Yetu, Vita vya Nani?



Ndugu msomaji, ukipanda matatu Likoni kwenda Ramisi, kabla ya kufika Msambweni utapita njia ya kuingia Gazi. Wengi wetu tunaijua Gazi kwa mikoko na samaki. Lakini kijijini humo imesimama nyumba kubwa ya kale, ambayo baadaye ilitumiwa kuwa shule. Ni nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui. Ukitaka kujua vita vilivyopita pwani yetu ya kusini, anza hapo.

Sheikh Mbaruk na maboma yake

Babake, Rashid bin Salim, alikuwa wa mwisho katika Mazrui waliotawala Mombasa. Mwaka 1837 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar aliwang'oa, na wakubwa wao wakapelekwa kifungoni ng'ambo. Waliosalia waligawanyika: wengine wakakaa Takaungu, wengine Gazi.

Mbaruk alipigana na masultani wa Zanzibar mara kadhaa, kisha akapigana na Waingereza. Alikuwa mjuzi wa vita. Gazi iko ufuoni, manuwari zaweza kuifikia. Kwa hivyo aliweka boma jingine Mwele, ndani ya msitu upande wa Shimba Hills, likazungushiwa ua wa magogo. Akibanwa pwani, anapanda bara. Hata hivyo, tarehe 17 Agosti 1895 jeshi la Admirali Rawson liliiteka Mwele. Mwaka uliofuata Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Vita vilivyoanza ndani ya Ramadhani

Sasa angalia mambo ya dunia. Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani. Kwa hesabu yetu ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1332 Hijria. Watu wa Vanga, Majoreni na Gazi wamefunga, na mpaka wa Wajerumani uko hapo hapo, mbele kidogo ya Vanga.

Tarehe 20 Septemba manuwari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar. Hofu ikaingia Mombasa: je, kama adui atapiga kwa bahari, na huku askari wake wanapanda kwa nchi kavu kutoka Tanga? Njia ya nchi kavu ni hii hii yetu, inapita Ramisi.

Waliotumwa kuizuia walikuwa nani? Mwingereza Arthur Wavell, aliyekuwa na shamba la katani Nyali, aliunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa. Wengi wao walikuwa Washihiri, mahamali wa kuchukua maji. Wavell huyu mwaka 1908 aliingia Makka akijifanya Mzanzibari, akifuatana na Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi. Kikosi chake kilipambana na Wajerumani Majoreni mwezi huo wa Septemba, yeye mwenyewe akajeruhiwa, na wakarudi nyuma hadi Gazi.

Tarehe 7 Oktoba Wajerumani waliishambulia Gazi. Waliokuwa wakiilinda ni pamoja na askari Waafrika wa KAR na askari wa Jind kutoka India. Maafisa Wazungu wa kikosi kimoja cha KAR walipoanguka kwa majeraha, sajini Mwafrika, Sumani, aliwaongoza wenzake kusonga mbele. Wajerumani wakarudi nyuma. Kutoka hapo hadi Mombasa ni kama kilomita 50 tu.

Mwezi uliofuata Sultani wa Uturuki, aliyekuwa Khalifa, alitangaza jihadi dhidi ya Uingereza na washirika wake. Lakini Waislamu wa pwani walikuwa tayari wamevaa sare za pande zote mbili. Ndugu kwa ndugu wakapigana kwa amri ya wakubwa wa mbali.

Kisha vita vikafika Mwele ile ile. Tarehe 9 Januari 1916, mwanzoni mwa Mfunguo Sita, watu wakiwa katika mwezi wa Maulidi, Wavell aliuawa huko pamoja na baadhi ya Waarabu wake.

Tunajifunza nini?

Hebu fikiria. Mwaka 1895 Mwele ilikuwa boma la kuwazuia Waingereza. Miaka ishirini baadaye watu wa pwani wanakufa pale pale wakiwatetea Waingereza hao hao. Sisemi walikuwa wasaliti. Hamali wa maji alihitaji mshahara, na aliyekaa Gazi alitaka nyumba yake isichomwe. Lakini asiye na amri juu ya nchi yake hupigana vita asivyovitangaza.

Jambo la pili ni majina. Wavell yumo vitabuni. Sumani tunaye kwa jina moja tu. Na wale Washihiri je? Nao walikuwa na mama zao, wake zao na dua zao.

Kwa hivyo vijana wenzangu, Ramadhani hii, tunaposubiri adhana ya Magharibi au baada ya tarawehe, tukae na wazee wetu wa Gazi, Majoreni na Ramisi. Tuwaulize walisikia nini kwa babu zao, na tuandike majina na mahali. Tusibomoe kuta za kale kwa kutafuta mawe ya kujengea. Mzee akiondoka na habari zake, hatuna pa kwenda kuziuliza tena.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie amani katika pwani yetu. Amin.