Sababu ya seva kukataliwa mlango wake yenyewe

MSIMAMIZI wa seva anapozima programu ya tovuti na kuiwasha tena papo hapo, huenda akajibiwa kuwa anwani anayoitaka ingali inatumika. Hakuna aliyeinyakua. Anayemzuia ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, sehemu inayosimamia kumbukumbu, vifaa na mawasiliano ya tarakilishi.

Kila huduma ya mtandao hupokea wageni kupitia mlango wenye nambari. Nambari hizo huishia 65535. Tovuti za kawaida hutumia 80, na zile zinazoficha data kwa usalama hutumia 443.

Mawasiliano ya TCP yanapokwisha, upande uliotangulia kufunga huwekwa katika hali ya kungoja, ili vipande vya data vilivyochelewa njiani visije vikaingia katika mazungumzo mapya yasiyovihusu. Kanuni za TCP za mwaka 1981 zilikadiria muda huo kuwa dakika 4. Linux hungoja sekunde 60.

Kwa huduma inayotegemewa na umma, hata dakika moja ya kimya ni hasara. Ndiposa kukawa na mpangilio uitwao SO_REUSEADDR, ulioanzia katika Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika Linux, mpangilio huu humwezesha mwenye huduma ya TCP kurejea mlangoni ilhali mabaki ya mawasiliano ya awali yangali yakingoja. Hata hivyo, hauruhusu programu mbili kusikiliza mlango mmoja kwa pamoja.

Ruhusa hiyo hutolewa na SO_REUSEPORT, ulioingizwa katika Linux 3.9 mwaka 2013 kutokana na kazi ya Tom Herbert wa Google. Kiini hugawa wageni baina ya programu kadhaa, na kwa njia hiyo vichakataji vyote vya mashine hupata kazi. Ili kuwazuia wezi, programu zote sharti ziwe zimeweka mpangilio huo tangu mwanzo, na ziwe za mtumiaji mmoja.

Waundaji programu wajihadhari wanapohamia Windows. Humo, programu mbili zilizoweka SO_REUSEADDR zaweza kushika mlango uo huo, na haijulikani ni ipi itakayompokea mgeni. Microsoft ilileta SO_EXCLUSIVEADDRUSE kuwa kinga. Jina ni moja, lakini maana hutegemea kiini.