Songea hatuna magofu, tuna tarehe



Mgeni akishuka stendi ya Songea akauliza, "Majengo yenu ya kale yako wapi?", wengi wetu tunabaki kukuna kichwa. Kilwa wana Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11. Sisi huku juu, kwenye vilima na mabonde ya Ruvuma, tutamwonyesha nini?

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na vizazi vilivyofuata vikafika hapa. Nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Nyumba za namna hiyo hazikai miaka 500.

Nyingi hazikuachwa hata zizeeke. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma vijiji na vyakula. Njaa ikaua kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaofikisha idadi ya waliokufa katika vita na njaa hiyo 300,000. Na moto haukuchagua upande. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, nayo ilichomwa mwaka 1905. Kanisa kubwa tunalolisifia leo ni la miaka ya 1940.

Kilichobaki ni tarehe: 27 Februari. Siku hiyo mwaka 1906, viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa hapa Songea, akiwemo mama mmoja, Mkomanile. Wakazikwa kaburi moja. Kila mwaka watu hukusanyika pale, penye Makumbusho ya Maji Maji yaliyofunguliwa 1980. Kuna sala, mashada, wazee na ngao zao, na lizombe inachezwa mpaka vumbi linatimka.

Wapo vijana wenzangu wanaosema hiyo ni ngoma tu na hotuba ndefu. Mimi nakataa.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, aliuawa siku chache baada ya wenzake. Ana kaburi lake peke yake. Wazee wanasimulia kuwa humo kuna kiwiliwili tu, kichwa kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Jiulizeni, kwa nini rais wa nchi kubwa alikuja hadi huku baada ya miaka 117? Ni kwa sababu familia na wazee hawakuacha kuuliza, na kila Februari waliuliza tena. Siku tukiigeuza kumbukumbu hii kuwa burudani tupu, nani ataikumbusha ile ahadi?

Kwa hiyo mwenye babu au bibi Songea, Namtumbo au Mbinga, akae naye na daftari sasa hivi. Magofu ya Kilwa yanaweza kusubiri mwaka mwingine. Wazee hawasubiri.