Kisiwa Tulichokabidhiwa

Mkristo asomaye Kitabu cha Ufunuo hukutana na Patmo katika sura ya kwanza. Ni kisiwa kidogo cha Ugiriki, ambako Yohane alikuwa alipopata maono yake. Mwaka 1088 mtawa Christodoulos alipewa kisiwa hicho akaanza kujenga monasteri juu ya kilima. Hadi leo mahujaji na watalii hupanda kuliona pango la Yohane, nyumba nyeupe na bahari inayozunguka pande zote. Historia, uzuri na sala vimekaa pamoja pale kwa karne nyingi.

Sisi wa Ifakara na bonde la Kilombero tuko mbali na bahari, lakini kisiwa tunacho. Ni milima ya Udzungwa, tunayoiona kila asubuhi mawingu yanapopanda. Wataalamu huifananisha milima hii, na mingine ya safu yake hadi Taita nchini Kenya, na visiwa. Misitu ya mvua iko juu, na nchi kavu zaidi imeizunguka chini kama maji yazungukavyo kisiwa. Mvua zitokazo Bahari ya Hindi zimeitunza misitu hiyo kwa mamilioni ya miaka, na Mungu ameweka humo viumbe wasiopatikana penginepo duniani.

Mwaka 1979 watafiti walisikia mlio wa kima wasiyemjua katika msitu ulio juu ya Sanje, mahali penye maporomoko ya mita 170. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa. Alimjua mnyama huyo kwa jina la ngolaga. Mwaka 1991 wageni wengine waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria ya chakula kambini, wakagundua ni kwale asiyejulikana na wataalamu, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Wazee wetu walikuwa wakiwafahamu viumbe hawa kabla hawajaandikwa vitabuni.

Habari ya tatu ni nzito zaidi. Katika korongo la Kihansi, mwaka 1996, alipatikana chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hazai kwa mayai. Huzaa watoto walio hai. Aliishi katika rasharasha za maporomoko tu, mahali padogo sana. Taifa lilihitaji umeme, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua. Vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wametoweka. Mwaka 2012 uzao wao ukaanza kurudishwa Kihansi, mahali ambapo sasa mabomba hunyunyiza maji ili waweze kuishi. Anayekumbuka safina ya Nuhu hapa hakosei. Umeme ule unawasha taa za nyumba, shule na hospitali, na chura yule naye ni kazi ya mikono ya Muumba. Ilibidi watu watafute namna ya kuvitunza vyote viwili, kwa gharama kubwa.

Gharama ya namna hiyo iko karibu nasi pia. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilomita za mraba 1,990, ilianzishwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku maalumu ya wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma, ili msitu upumzike. Lakini sufuria ya jioni haipumziki. Mama aliyekuwa akipata kuni mlimani alilazimika kuzitafuta kwingine au kununua mkaa. Ni rahisi kusifu uumbaji kanisani ukiwa na gesi jikoni.

Ndiyo maana tunasema kazi ya kuulinda mlima isiachiwe maskini peke yao. Wakapuchini kutoka Uswisi waliofika Tanganyika mwaka 1921 ni wana wa Mtakatifu Fransisko, aliyewaita viumbe ndugu zake, na hospitali yetu ya Ifakara ina jina lake. Fransisko huyo huyo aliwapenda maskini. Hakutenganisha mapendo hayo mawili, wala sisi tusiyatenganishe.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo ijiulize: nani kati yetu hana kuni? Tuna uwanja wa kanisa na mipaka ya mashamba. Tuioteshe miti ya kukua haraka. Mafundi wetu wajenge majiko yanayokula kuni chache, wakianza na nyumba za wajane. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Maji yashukayo kutoka mlima ule ndiyo yanayootesha mpunga wetu, na mama anayeupika mpunga huo anahitaji moto.